Kipande cha Mkaratusi Chini ya Friza

Wiki iliyopita friza yangu hapa Muleba ilianza kunguruma. Si ule mvumo wa kawaida ambao mtu huuzoea hata akausahau, bali mtetemo wa bati unaotulia kidogo, halafu unarudi kwa hasira zaidi. Nilikuwa namenya ndizi. Niliweka kisu chini nikasikiliza, na kabla sijajijua machozi yalikuwa yananitoka. Mtanicheka, mtu mzima kulilia friza. Ngojeni kwanza niwaeleze.

Kwetu ni Kanazi. Baba, ambaye sisi tulimwita Tata kama watoto wengi wa Kihaya, aliendesha mashine ya kukoboa kahawa, na kazi ile ilimfundisha kuishi kwa masikio. Pikipiki ikipita barabarani, yeye yuko ndani anakunywa chai, atakwambia mnyororo umelegea. Friza yetu ilikaa sebuleni, maana jiko la kuni lilikuwa nje. Mama aligandisha humo barafu za pasheni za kuwauzia watoto wa shule, na samaki siku walipopatikana, kwa hiyo barafu zetu zote zilikuwa na kaharufu ka ziwa. Wateja hawakulalamika.

Nilipokuwa darasa la nne, kahawa ikiwa imeshavunwa, Tata aliugua tumbo. Bukoba walimpima wakasema aende Mwanza. Baba mdogo alifuatana naye, nasi tukabaki: Mama, mimi, na mdogo wangu aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Kila jioni Mama alipiga simu. Alimweleza Tata habari zote za nyumbani: kibanja cha migomba kimepaliliwa, mbuzi amezaa, senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wameanza kuanguka. Majibu yalikuwa "Ee" na "Sawa," basi. Jioni moja baba mdogo aliichukua simu akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Shemeji, mgonjwa hali chakula. Amegeukia ukutani, hataki kuongea na mtu. Daktari anasema asipokula, dawa hazitamsaidia." Mama aliketi juu ya mfuniko wa friza, simu mapajani, akakaa hivyo mpaka mtoto alipolia mgongoni.

Mwaka ule senene walikuwa wengi. Tuliwaokota alfajiri majani yakiwa bado na umande, tukawanyonyoa mabawa na miguu hadi vidole vikanuka mafuta yao mabichi. Kwetu, senene wa kwanza ni wa mume. Mke humtafutia, naye mume humshukuru kwa kanga. Mama aliwajaza kwenye kopo, akaliweka chini kabisa ya friza. "Hao ni wa baba yako," aliniambia, "usithubutu." Sikuthubutu, lakini kila siku niliinua mfuniko kuwachungulia. Nilijiambia kwamba maadamu wapo, Tata atarudi kuwala.

Friza ilianza kulia Mama akiwa kwenye simu. Ilinguruma mpaka vikombe vya kabatini vikatikisika.

"Hiyo nini inalia?" Tata akauliza.

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu alazwe. Mama akamjibu kwamba ni friza.

"Isogeze simu nisikie."

Nilipewa mimi niishike simu ubavuni mwa friza. Nilisimama hadi mkono ukafa ganzi. Mwishowe Tata akasema tuisogeze mbali na ukuta, kiganja cha mkono kipite. Tukaisogeza. Ikaendelea kulia. Kesho yake akasema tuweke bakuli la maji juu ya mfuniko tutazame maji yanaegemea wapi. Siku iliyofuata ikawa zamu ya nati za kompresa. "Lakini uchomoe waya kwanza, Mama Koku, usije ukanifia huko," alisema, na Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu wasafiri.

Baba mdogo naye akaanza kuleta habari nyingine. Mgonjwa amekunywa uji. Mgonjwa ameomba mto aegemee. Ikifika jioni mgonjwa anauliza kama nyumbani hawajapiga.

Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta friza kimya kabisa. Nilipiga magoti nikaona mguu mmoja umewekewa kipande cha mkaratusi, mahali ambapo saruji ilikuwa imebonyea. Nilifurahi. Nikangoja jioni kwa hamu, Tata aambiwe kwamba tumeshinda. Ilipokaribia saa ya kupiga simu, Mama alipiga magoti palepale, akakichomoa kile kipande, akakifunga kwenye pindo la kanga. Friza ikanguruma. Akapiga simu.

"Baba Koku, waitu, bado inalia. Leo ndiyo imezidi."

Huyu ni Mama aliyenipeleka kuungama kwa sababu ya kijiko cha sukari! Aliniona, akaweka kidole mdomoni. Jumamosi ile nilimuuliza padre kama mtu anaweza kuungama kwa niaba ya mama yake. Akasema kila mtu huungama dhambi zake mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu kubwa juu ya roho ya Mama.

Tata alirudi Krismasi ikikaribia, suruali ameifunga kwa kamba. Mama alikaanga senene, nyumba nzima ikanukia, naye akala taratibu, mmojammoja, sisi tukimtazama. Kisha akatoa kanga mpya kwenye begi, akampa Mama kwa mikono miwili.

Asubuhi yake aliishika friza ukingoni, akajishusha kwa shida mpaka sakafuni. Akakivuta kile kipande cha mkaratusi, akakigeuzageuza. Pembe zake zilikuwa zimelainika kwa kuingia na kutoka. Alimtazama Mama aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mama Koku," alisema, "hiki kipande kimefanya kazi."

Mama akajifunika uso kwa kanga yake mpya. Tata akakirudisha kipande mahali pake, friza ikanyamaza, na hakuna aliyenieleza chochote.

Senene waliofuata hawakumkuta. Amelala kibanjani, nyuma ya nyumba, na ukisimama mlango wa uani unaliona kaburi lake.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe ndipo nikaelewa. Kwa miaka mingi nilidhani Mama alikuwa akimdanganya mgonjwa ili ajione bado anahitajika nyumbani. Ni kweli, alikuwa akifanya hivyo. Lakini mtu anayejua mnyororo uliolegea akiwa ndani anakunywa chai, angeshindwaje kujua mguu wa friza? Naamini aliujua tangu siku ya kwanza. Alimpa Mama ukuta, akampa bakuli, akampa nati, kimoja kimoja, ili naye awe na sababu ya kupiga kesho, na asikae peke yake na hofu yake juu ya ule mfuniko. Sijawahi kuona mapendo makubwa kuliko hayo, na niliyashikia simu kwa mkono wangu.

Sasa Mama ni mzee, anakaa peke yake Kanazi. Tangu mdogo wangu ahame, nikimpigia ananijibu "Ee" na "Sawa." Ndiyo maana wiki iliyopita, nikiwa nimeshachonga kipande cha kuweka chini ya mguu, nilikiweka mezani nikampigia.

"Mama, friza yangu inalia."

Nilimsikia akivuta kiti.

"Isogeze simu nisikie."

Niliisogeza. Nilisimama pale mpaka mkono ukaanza kuniuma, nikisikia pumzi zake upande wa pili.

"Ni mguu huo, Koku," alisema mwishowe. "Lakini leo usiuguse. Nipigie tena kesho."