Kuwekwa Huwekwa Mtungi

Nakumbuka, mwanangu, mwaka tuliokula shelisheli la kuchemsha asubuhi, shelisheli la kuchoma mchana, na jioni tukalikaanga ili tujidanganye kuwa ni kitu kingine. Mchele ulikuwa wa mgonjwa na wa hitima. Wafaransa walikuwa wameondoka, nchi iko mikononi mwa vijana, siku zile za Mongozi, kama tulivyomwita rais wetu, na kila jambo la wazee likiitwa uchafu wa zamani. Siasa sikusimulii. Siasa ilinichosha tangu ningali na meno. Nataka kujibu swali lako.

Umeniuliza mimi bibi yako: "Koko, binti yangu huyu asiyetembea, akikua tutamweka wapi?" Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nisikilize basi, ujue kwa nini.

Nilikuwa na mdogo wangu, Zainaba. Homa ilimshika angali mtoto, ikamwachia mikono na ulimi, ikachukua miguu. Na ulimi ule, Mungu amrehemu, ungefua nazi. Alijikokota juu ya kipande cha ngozi ya mbuzi, na alishona shiromani, nguo yetu ya kujitanda, mshono mdogo kama unyayo wa sisimizi, mpaka wanawake walikuwa wakishuka kutoka kijiji cha Patsy na vitambaa vyao. Mama ndiye aliyekuwa miguu yake. Mwaka ule wa shelisheli Mama akafa, na mchele wa mwisho wa nyumba ukaliwa kwenye hitima yake.

Unajua kwetu, mwanangu, mtoto wa kike akizaliwa baba huanza kukusanya mawe ya kumjengea nyumba. Nyumba ya Mama ilikuwa yangu mimi mkubwa, nami nilikuwa nakaribia kuolewa. Ng'ambo ya kichochoro, hatua chache tu, Baba aliwahi kumjengea Zainaba chumba cha chini, akiwa na nia ya kupandisha ghorofa. Miguu ilipokwenda, na nia ikaenda. Nani atamwoa? Chumba kikawa ghala la kuni.

Mjomba wetu wa Moroni, kisiwa kingine, aliyekuja kwa msiba, akasema, "Mwekeni kwangu, nyumba yangu kubwa." Nikampeleka mimi, nikakaa naye kule.

Sitamsema vibaya Mjomba. Nyumba ilijaa jamaa waliokimbia mauaji ya Majunga, ng'ambo ya bahari, na vilio vyao, na bado alitutafutia pembe. Hakuna aliyemtukana Zainaba. Walimlisha kwa mkono, yeye mwenye mikono myembamba ya kutunga uzi sindanoni. Walimbeba bila kumwambia wanampeleka wapi. Mke wa Mjomba, mama mwema kabisa, kutwa nzima ni, "Mwekeni pale kwenye kivuli. Mtoeni, mwekeni huku." Mgeni akija, mlango ulivutwa taratibu. Akiomba maji kwa lugha yetu ya Nzuani, watoto wa Moroni walicheka, wakayarudia maneno yake kama kasuku. Basi akaacha kuomba maji. Nikadhani ni hasira, kumbe mwenzangu alikuwa akipiga hesabu yake: asipokunywa, hataomba kubebwa kwenda chooni. Midomo ilipasuka kama udongo wa kiangazi. Wema usiouliza, mwanangu, nao una kucha.

Nikarudi naye mjini kwetu Mutsamudu. Jamaa wakakaa upya, safari hii sebuleni kwetu. Shangazi akasema tumzungushe, nyumba hii kwa hii, kila mmoja amweke kwa zamu. Kijana mmoja wa kamati ya mtaa, aliyekuja kwa jambo lingine akaingilia hili, akasema kuna fikra ya kutafuta nyumba Hombo, karibu na hospitali, wasiojiweza wote wawekwe pamoja. Baba alisema lolote litakalokuwa, bora awekwe mahali pasafi.

Zainaba alikuwa pale pale mkekani, katikati yao, anashona. Akakata uzi kwa meno.

"Mmemaliza?"

Vichwa vikamgeukia.

"Anayewekwa ni mtungi na kimada," akasema. "Mimi sina maji tumboni, bwana ndiyo kabisa."

Shangazi akajifunika uso kwa shiromani, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Zainaba hakucheka.

"Siwekwi. Nipeni mlango wangu, msaada nitauomba mwenyewe."

Baba akajikuna ndevu. "Mlango upi, binti yangu? Nyumba huja na harusi, na wewe..." Akaishia hapo.

"Malizia, Baba."

Baba akarudia kujikuna ndevu.

"Umeniita nani sasa hivi?"

"Nimekuita binti yangu."

"Haya. Mimi tangu nizaliwe nasikia nyumba ni ya binti. Sijasikia kuwa ni ya bibi harusi. Mume huingia na sanduku lake, mkikosana hutoka na sanduku lake, kuta humbakia binti. Na harusi zenyewe vijana hawa wamezivua ngoma. Dada anaolewa kwa birika la chai, mbona nyumba hamkumnyima?"

Kijana wa kamati akaangalia viatu vyake. Mimi nikaangalia dari, maana birika lilikuwa langu.

Ndipo Koko wangu, mama wa Mama, aliyekuwa hasemi tangu msiba, akafungua mdomo. "Mbuzi haulizwi habari ya kamba," akasema. "Huyu tumemfunga kamba, tukamwita mtoto wetu. Toeni kuni zenu ndani ya nyumba ya mtoto."

Zikatoka kuni. Fundi akachonga kile kizingiti kirefu mpaka kikawa sawa na sakafu. Komeo likashushwa, jiko likawekwa chini, mtungi nao chini. Jiko na mtungi, mwanangu, hivyo vinawekwa. Zainaba mwenyewe alipitisha kamba kwenye tundu la ukuta, ikavuka kichochoro juu ya vichwa vya wapita njia, ikaingia jikoni kwangu, mwisho wake kopo la maziwa lenye kokoto. Akitaka mtu, anavuta. Kamba ni ile ile, mwanangu. Tazama nani ameshika ncha.

Nisikudanganye, ilinichosha. Kopo lililia nikiwa na unga mikononi, likalia nikiwa na mtoto titini. Siku moja nilikimbia kichwa wazi nikidhani ameanguka, nikamkuta amekaa anaonja mchuzi.

"Chumvi," akasema.

"Huo ndio msaada?"

"Ndio huo. Ningetaka miguu ningemwomba Mungu, wewe nakuomba chumvi."

Nikampa. Siku nyingine nilimwacha avute, akasubiri, na hakufa. Jirani naye alisikia, akapita. Hivyo ndivyo tulivyoishi, yeye kwake na mimi kwangu, tukigombana kama watu wenye nyumba. Wanawake wa Patsy walibisha hodi mlangoni kwake, si kwangu. Mgeni akija ni yeye aliyesema karibu. Alizeeka akiwa na komeo lake, mpaka siku kopo lilipokaa kimya, nikavuka kichochoro nikijua.

Sasa nimechoka, mwanangu, na kukariri sitakariri mara mbili. Usiniulize binti yako utamweka wapi. Muulize yeye atakaa wapi, na uanze kumuuliza angali mdogo, azoee kujibu. Usimfiche kwenye pembe ya mtu, hata kama mtu huyo ni mwema. Wala usimpe chumba ukamsahau humo, ukasema nimemaliza, maana mlango usio na wa kuitika ni kaburi lenye komeo. Mjengee kama unavyomjengea dada yake, usingoje posa. Kizingiti kiwe chini, watu wawe karibu, ila ncha ya kamba aishike yeye. Utachoka. Mimi pia nilichoka, na nyumba haikuanguka.

Mungu akutie nguvu viunoni na subira masikioni. Akujalie mawe ya kutosha, na binti yako asikose mlango wala mtu wa kuitika. Na siku jamaa watakapokaa mkekani kumjadili mbele ya macho yake, awe amekwisha jifunza kwako maneno ya bibi yake Zainaba, bila kupunguza hata moja:

"Siwekwi. Nipeni mlango wangu, msaada nitauomba mwenyewe."