Msiba wa Mwalimu Erifazi, Ambaye Alikuwa Hai

Kwa miaka ishirini na sita Mwalimu Erifazi Tsongo aliwafundisha watoto wa Bwera Kifaransa, lugha ambayo wangeweza kuipata bure kwa kuvuka mpaka pale Mpondwe na kutukanwa upande wa pili, Kongo. Alipostaafu alipewa barua ya shukrani yenye jina la mtu mwingine. Mkewe alikuwa amefariki zamani, wanawe walikuwa Kampala wakijishughulisha na kutompigia simu, naye akabaki na nyumba ya mabati, kuku watatu, na kisanduku cha CD tano alichoachiwa na injinia mmoja Mfaransa aliyekuja kuleta maji akaondoka kabla ya maji.

Ndani ya CD hizo mlikuwa na piano tupu. Hakuna ngoma, hakuna mwimbaji, hakuna Yesu. Zilikuwa kazi za mtunzi mmoja Mfaransa wa zamani ambaye, kwa mujibu wa kijitabu cha kisandukuni, alikuwa na suti saba za kufanana na miavuli mingi kuliko marafiki. Aliandika noti chache, halafu akataka zipigwe polepole, kama mtu anayepanda Rwenzori kwa ndala. Mwalimu alimpenda siku ileile. Mtu aliyefundisha vitenzi vikaidi kwa robo karne humtambua mwenzake haraka.

Kosa lake lilikuwa ukarimu. Mwanzoni mwa 2013 redio moja ya mjini Kasese ilimpa nusu saa kila Jumamosi awafundishe Kifaransa wachuuzi wa mpakani, naye akawapelekea CD ya kwanza iwe muziki wa kufungulia kipindi. Kipindi kilikufa baada ya wiki tatu, bila tanzia. CD wakamrudishia, nakala wakabaki nayo. Sasa, redio hiyo ilikuwa na tatizo la kiroho. Matangazo ya vifo, asubuhi, mchana na jioni, yalihitaji muziki wa chinichini. Wakiweka wimbo wa Waanglikana, Waadventista wananuna. Wakiweka wa Wakatoliki, walokole wanapiga simu. Mtangazaji, kijana aitwaye Mugume, akamweka Mfaransa. Mfaransa hakuwa na dhehebu lolote linalojulikana Kasese, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Mwezi wa tano Mto Nyamwamba ukafurika, ukachukua nyumba na watu, na matangazo yakawa marefu. Tangu hapo, kutoka Hamukungu hadi Bwera, ile piano ikianza tu, wavuvi wanaweka nyavu chini, wanawake wanaacha kumenya ndizi, na kila mtu anauliza: nani?

Mwalimu akawa mtu pekee wilayani anayesikiliza piano kwa siri, kama mpika waragi, ile pombe ya magendo. Madirisha yamefungwa, sauti iko chini, sikio limebandikwa kwenye redio yake ya CD.

Ndipo akampata Bulandina, mjane wa Rukoki, muuza kahawa, mwanamke wa miaka hamsini aliyekwisha kukataa wanaume wawili na mhubiri mmoja. Mwalimu alimtaka. Alimtaka kiasi cha kufagia hadi chini ya kitanda. Agosti 2015 Bulandina alikubali kuja Bwera kuiona nyumba, akaweka masharti: "Nitakuja mara moja. Nikipenda nitasema. Nikikataa, usinifuate na barua."

Mwanamume mwingine angechinja kuku. Mwalimu aliazima spika ya kanisa. Aliamini kwamba shida ya wimbo ule ni Mugume, aliyekuwa anaukata ukiwa ndiyo kwanza unaanza ili asome majina. Mtu akiusikia mzima, tena kwa spika ya maana, atamsahau Mugume na marehemu wake wote. Hivi ndivyo wanavyofikiri watu waliosoma.

Saa tisa alasiri, Bulandina ameketi, chai mkononi, Mwalimu akabonyeza. Piano ikamwagika hadi barabarani. Bulandina akaweka kikombe chini. Mwalimu akauona uso wake, akaelewa alichofanya, akanyoosha mkono kuzima.

"Acha," akasema Bulandina.

Huko nje kijiji kilikuwa kimeshapiga hesabu. Nyumba yenye msiba hupandisha sauti ya redio ili majirani wapate habari. Lakini hii haikuwa saa ya matangazo, na nyumba hii ina mtu mmoja. Basi aliyekufa ni huyo mmoja. Kwamba marehemu alipataje kujiwekea CD, hilo halikumsumbua mtu. Chama cha mazishi kina kanuni: kuni kwanza, maswali baadaye. Kabla wimbo haujafika katikati, uani palikuwa na moto, sufuria na mikungu saba ya ndizi.

"Mwalimu wetu," jirani yake Evas alikuwa analia, "mutu muzuri, hakunyima mutu kiberiti."

"Alininyima mimi," sauti nyingine ikasema. "Lakini kwa msiba hatusemi."

Mwalimu akafungua mlango. Kilio kikakatika. Kosiya, mwenyekiti wa chama, mzigo wa kuni begani, akamkagua kama bidhaa iliyorudishwa na mteja.

"Mwalimu. Uko muzima?"

"Niko muzima, Kosiya."

"Basi nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa."

Kosiya akautazama moto. "Usitufanyie hivi. Watu bametoka shamba. Evas ameshalia."

"Nimeshalia," akasema Evas kwa uchungu, safari hii wa kweli.

"Zima hiyo kitu tujue moja. Muzima na ile muziki haziwezi kukaa nyumba moja."

Mwalimu akarudisha mlango, akageuka kuzima. Bulandina alikuwa amesimama mbele ya spika.

"Semu, bwana yangu, alisomwa kwa redio na hii," akasema. "Mwaka ya mafuriko. Yule kijana akaanza kutaja jina, wimbo akaikata. Miaka mbili nasikia mwanzo, kila siku mara tatu. Mwisho yake sijawahi kusikia. Kaa chini, Mwalimu."

Mwalimu alikuwa ameandaa hotuba ya dakika ishirini kuhusu mtunzi, miavuli yake na nafasi yake katika sanaa ya Ufaransa. Akakaa, akanyamaza. Hakuwahi kufundisha vizuri namna hiyo. Kosiya akapiga mlango, akaita jina lake lote, akatishia kumfuta kwenye chama azikwe na kuku wake. Mwalimu hakuinuka.

Noti ya mwisho ikadondoka.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo."

Bulandina akajifuta macho kwa pindo la kitenge. "Kumbe ilikuwa fupi hivyo."

Akanywa chai yake iliyopoa kwa mkupuo mmoja, akatoka nje, akainama juu ya sufuria, akaonja maji yake.

"Hii ndizi nani ameiweka moto bila chumvi?"

"Mama," akasema Evas, "mugeni hagusi sufuria ya wenyeji."

"Nani amekuambia niko mugeni? Leta mwiko."

Bwera nzima inajua kwamba mwanamke hapakui kwenye ua usio wake. Evas akamtazama Mwalimu pale mlangoni, akamtazama Bulandina, akaleta mwiko.

Kosiya akatua kuni zake polepole. "Sasa tuambieni. Hapa tuko kwa msiba ao kwa harusi?"

"Menya ndizi," akasema Bulandina. "Mutu mwenye njaa haelewi kitu."