Maswali Sita ya Wamucii

Mimi sikuupenda utafiti ule tangu siku ya kwanza, na sitajifanya niliupenda kwa sababu tu sasa tumezeeka. Mwaka wa 1976 nilikuwa mhudumu wa wodi ya wanaume katika hospitali moja ya misheni karibu na Nyeri, pamoja na Wamucii, mke wa Ngatia, mkulima wa Giakanja. Akaja kijana wa chuo kikuu, Hezekiah, msomi wa saikolojia, aliyetaka kujua mtu anayekufa huwaza nini. Hakujua Kikuyu, kwa hiyo akamchagua Wamucii amuulizie.

Kila Jumatatu daktari alimpa Wamucii bahasha yenye majina ya wagonjwa aliowakatia tamaa. Wamucii alibeba stuli, akaketi kando ya kitanda, akauliza maswali sita kwa sauti yake ya mwalimu wa shule ya Jumapili. La kwanza lilikuwa: unajua ugonjwa wako unaelekea wapi?

"Hiyo ni kuita kifo," nilimwambia.

"Katunge, hawa wanataka kuulizwa. Ni sisi tunaogopa. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Na kweli, wengine walimshika mkono wakasema yote: shamba lililogawanywa vibaya, mtoto wa nje, woga. Kisha wakalala wametulia. Hilo sikatai. Lakini wodi ina macho. Waliulizwa kumi na wanne, wakazikwa kumi na wanne. Wazee wale walizaliwa zamani zile mtu aliyezidiwa alipotolewa nje vichakani asifie nyumbani, na stuli ikiwekwa kando ya kitanda walielewa kwamba wametolewa. Wamucii akiingia, wodi nzima ilijifanya imelala. Mzee mmoja wa Kiganjo alitoroka na nguo za hospitali, akaonekana akipanda kilima mbio kama mwizi wa kuku. Nilicheka siku hiyo, na ilikuwa mara ya mwisho kucheka mle ndani.

Mwezi wa Agosti Ngatia mwenyewe akalazwa, kitanda cha kumi na moja. Tuliambiwa ni vidonda vya tumbo. Jumatatu ya tatu Wamucii alifungua bahasha tukiwa chumba cha kufulia. Daktari wa zamu alikuwa mgeni, hakujua nani ni mke wa nani. Jina la pili lilikuwa la Ngatia.

Aliketi juu ya ndoo. Nilimwogopa, maana hakulia.

"Sitamuuliza," alisema. "Wacha amalize siku zake bila kujua."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani hatimaye amepata akili.

Aliificha stuli, akaingia wodini mikono mitupu. Wote walikuwa wamefumba macho isipokuwa mumewe.

"Mama Murugi, leo si ni Jumatatu?"

"Hakuna wa kuulizwa leo, Baba Murugi. Kunywa uji."

Kwa siku nane alimletea uji na habari za ng'ombe. Ngatia alizidi kukonda na kunyamaza. Nyayo za mkewe zikisikika mlangoni, alimtazama mikononi kwanza, kisha usoni.

Siku ya tisa nilikuwa nikimwosha, akanishika mkono.

"Katunge, wewe si wa huku, huna haja ya kunidanganya. Mimi niko kwa ile karatasi?"

Nilikamua kitambaa, nikakikamua tena ingawa kilikuwa kimekauka.

"Basi mwambie alete stuli. Niko na maneno mingi ya kumwambia, lakini yeye anakuja tu na ng'ombe. Mimi siwezi kuanza. Yeye ndiye anajua kuuliza."

Nilimwahidi. Wamucii alikuwa jikoni, hatua thelathini tu. Nilisimama mlangoni nikamwona akipoza uji, akiumimina kutoka kikombe hadi kikombe, nikageuka nikarudi wodini. Nikajiambia nitasema kesho. Mimi niliyewacheka wazee, niliiogopa stuli ile kuliko wao wote. Ngatia alifariki alasiri hiyohiyo, mkewe akiwa njiani na kikombe.

Hezekiah alirudi chuoni na karatasi zake. Wamucii hakumuuliza mgonjwa yeyote tena.

Tukikutana soko la Giakanja, baada ya salamu, huniuliza kama mumewe alijua. Nami humwambia hakujua. Naye hunishika mikono yote miwili, akanishukuru.