Mashini Yenye Kuwaka Juu ya Chukudu

Bibi yangu, mke wa nyumba yangu, alinikataza kugusa ile mashini, na mimi niliigusa. Mambo yote ilianzia apo, sina haja ya kuzunguka.

Ilikuwa ordinateur, kompyuta ya zamani. Batterie yake ilishakufa kitambo: ukichomoa tu fil ya umeme, inazimika palepale. Mais hata hivyo ndiyo ilikuwa inatulisha. Nilikuwa ninaandikia banafunzi travaux zao za masomo na kuzichapisha, kule Mususa, ndani ya atelier ya shemeji yangu, ndugu ya bibi yangu, mwenye kutengeneza matelefone. Shida ni kwamba Windows yake ilikuwa imechoka. Unafungua ukurasa moja, unaenda kula ugali, unarudia, yenyewe ingali inazunguka tu. Banafunzi balikuwa bananicheka: "Papa, mashini yako iko na malaria?" Nilikuwa ninakasirika vibaya sana.

Shemeji akaniambia kuna Linux, ni nyepesi, tena haikuombe ufukuze Windows. Zote mbili zinaishi ndani ya mashini moja, kila moja na chumba yake, na asubuhi unachagua yenye itakutumikia. Nikapenda. Nikamuambia bibi yangu.

"Na picha za mutoto?" akauliza.

Tulikuwa na binti mumoja, wa kwanza wetu. Alikufia Beni, homa tu, alikuwa ametoka kujua kutembea. Ile wiki batu ya quartier yetu balikuwa banakimbia vita. Tulimuzika asubuhi, na mangaribi tulikuwa tayari juu ya lori ya kuja Butembo. Matelefone yetu ilipotelea njiani. Picha zake zikabaki ndani ya ile mashini tu, na bibi yangu hakuzifungua hata siku moja. Mais alijua ziko. Mvua ikinyesha usiku, anaamuka kuangalia kama haivuji juu ya mashini.

"Picha haziguswe," nikamuambia. "Windows inasogea kidogo, inaachia mwenzake nafasi, basi."

"Weye na hiyo mudomo yako! Picha za mutoto zikipotea, mimi narudia kwetu Masereka. Utabaki kupikiwa na hiyo Linux."

Hakuwa anacheka. Ilifaa nizikopie kwanza, najua, hapana haja ya kunifundisha. Mais clé, ile flash ya kukopia, ilikuwa moja tu, na ile moja ndiyo nilikuwa nimetia Linux ndani.

Siku nilianza, courant ya umeme haikukuwa, tukawasha grupe, jenereta ndogo ya shemeji. Mashini ikaanza kazi vizuri, kisha ikasimama na kuniandikia neno: Windows ingali imelala, iamushe kwanza, uizime vizuri, ndipo uendelee. Ni kweli. Kwetu apa nani anazima mashini? Courant inakuja inaenda, kuwasha upya inakula nusu ya essence, petroli ya grupe, donc ndiyo maana tunailaza tu ili kesho iamuke mbio. Na ile yangu kuiamusha ilikuwa safari ya kwenda Kanyabayonga kwa miguu. Nikasema aa, ilale tu, itasogezwa katika usingizi. Nikafinya "endelea."

Mustari ya bleu ikaanza kutambaa. Juu yake ikaandikwa: usikate courant. Shemeji akainama kusoma, akaniangalia.

"Ikikatika?"

"Ikikatika, hakuna Windows, hakuna Linux, hakuna picha. Acha kuuliza."

Mustari haikufika hata katikati, papa babili bakaingia. Niliwajua, ni majirani ya mtaa, avenue ya chini. Mumoja alikuwa amevaa koti nyeusi. Mama mumoja muzee alikuwa amekufa kule asubuhi, batu banaanza kufika, chorale ya kuimba iko njiani na hakuna courant ya sono, vipaza sauti vyao. Bamekuja kuchukua grupe.

Mutu asiye wa kwetu hataelewa. Mutu akikufa ku avenue, kitu ya nyumba yako haiko tena ya kwako. Viti vinaenda, sufuria zinaenda, bâche ya kivuli inaenda, na grupe inaenda. Haukatae. Mwenye kukataa, siku yake ya kufa hata mutu mumoja wa kumulilia hatamuona, atajizika mwenyewe. Shemeji alikuwa ameshika kofia yake mikononi, anatafuta maneno.

"Bapapa, pole sana," nikasema. "Mutupatie kidogo. Saa moja."

"Saa moja? Batu bamekaa ku jua tayari. Grupe inakuja ama haikuje?"

Na mimi nikasema neno lenye mupaka leo linaniunguza kinywa. Nikasema: "Mwenye kukufa yeye hana haraka!"

Papa wa koti nyeusi hakunitukana, na ilikuwa afadhali anitukane. Akaniangalia, akaenda moja kwa moja kwenye grupe, akainama kutafuta kidude cha kuizima.

Nikamushika mukono. "Papa, naomba, kwa jina ya Mungu. Mutoto wangu iko ndani." Akazani nimepata kichaa. Nikamuonyesha ule mustari, maneno ikatoka ovyo, picha, Beni, bibi yangu, fil, batterie. Sijui alielewa nini. Mais alitoa mukono yake ku grupe.

Ni yule wa chukudu mwenye bamekuja naye kubeba grupe ndiye alituokoa. Alikuwa ameegemea chukudu yake, kinga ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, ku mulango, anatafuna muwa. "Munapigania nini?" akasema. "Haiwezi kwenda yenye kuwaka? Pandisheni vyote apa, mimi nasukuma polepole."

Yesu Maria! Tulifanya hivyo. Grupe ikafungwa juu ya chukudu kwa kamba za mipira, yenye kuwaka, moshi ikitupiga machoni. Mashini nikaibeba mwenyewe mikononi, wazi, kama mutu mwenye kubeba sahani ya supu. Shemeji alikuwa anatembea katikati yetu, ameshika rallonge, ule waya murefu, na kidole kimoja juu ya prise ili isitoke. Bapapa babili mbele, banafukuza mapikipiki. Batu balitoka maduka kutuangalia. Mumama mumoja akauliza kwa sauti: "Ni maiti gani iyo inapigiwa mashini?" Hakuna mwenye alicheka kati yetu.

Ku mutelemuko wa kwanza, grupe ikakohoa. Essence ilikuwa inakimbilia upande moja. Ikakohoa tena, na taa ndogo ya chargeur ikapepesa. "Inua mbele! Inua mbele!" nikapiga kelele, na yule papa wa koti nyeusi, mwenye nilikuwa nimemutukania maiti yake, akashika chukudu kwa mbele na kuiinua kwa mikono yake miwili mupaka tukafika chini. Grupe ikatulia. Jasho ilikuwa inanitiririka machoni na sikuwa na mukono ya kuipangusa.

Tulipoingia ku lupango, uwanja wa nyumba ya matanga, mustari ilikuwa imeisha. Bakatia sono ku prise ya pili ya grupe, chorale ikaanza kuimba, na mimi nikajificha ku kona, mashini juu ya casier tupu, kreti ya chupa za bière. Nikaiwasha upya. Majina mawili ikatokea, Linux na Windows, na moyo wangu ukashuka kidogo. Nikachagua Windows.

Giza. Giza tupu, na kakijiti keupe kanapepesa juu, pembeni. Nikangoja. Nikazima, nikawasha, nikachagua tena. Giza ile ile.

Nikainua kichwa na nikaona bibi yangu. Ilikuwa lazima awe apo, marehemu ni jirani yetu, alikuwa na bamama benzake ku moto, anasonga ugali ya bafiwa. Alikuwa ameshika mwiko na ananiangalia mimi, na mashini, na mimi. Mutu akikufahamu hivyo hana haja ya kuuliza.

Nikafungua Linux. Iliwaka mbio sana, kama kunizomea. Nikatafuta chumba ya Windows, nikaigonga. Ikakataa: iko imelala, siwezi kuingia, nikiingia nitaharibu. Ile neno nililodharau kule atelier ndiyo ilikuwa inanirudia. Windows ilisogezwa na usingizi wake, ikapoteza njia ya kuamuka, na mupaka leo haikuamuka. Mais sikuwa nalilia Windows. Nilitaka kuingia tu, nitazame, nisiguse kitu. Shemeji akachutama karibu yangu. "Iombe kwa kusoma tu," akaninong'oneza. "Usiombe kuandika." Nikaandika ile amri. Ikakataa. Vidole vyangu vilikuwa vinene, nilikuwa nimekosea namba ya chumba. Nikaandika tena polepole, herufi kwa herufi, na chorale inaimba juu ya kichwa changu.

Mulango ukafunguka. Nikaona madossier ya mafaili. Nikaona moja imeandikwa "Yetu."

Nikafungua picha ya kwanza. Mutoto amekaa ndani ya bassin ya kuogea, povu ya sabuni ku kichwa, anacheka na tumeno twake tudogo.

"Ni zote?" Sauti ilitoka nyuma yangu. Sikusikia vile alikuja.

"Ni zote."

Bibi yangu akakaa chini, kwenye udongo, na unga mikononi. Akatoa kilio chenye sikukisikia hata ile siku ya Beni. Siku ile hakulia. Siku ile tulikuwa tunafunga mizigo. Chorale ikakatika. Bamama bakakimbia, bakazani analilia ule muzee, kisha bakaona picha.

Binti ya marehemu, kitambaa kichwani, akapita katikati yao. "Huyu ni nani?"

"Ni wangu," bibi yangu akasema. "Tulimuacha Beni."

"Mulimulilia siku ngapi?"

Bibi yangu akatikisa kichwa. Nikajibu mimi: "Hata moja, mama. Hatukupata nafasi."

Yule mama akainama, akainua casier pamoja na mashini, shemeji akikimbia nyuma na rallonge, akaiweka karibu na mushumaa wa mama yake. Akageukia chorale. "Muanze upya," akasema. "Leo tuko nalia batu babili."

Bakaanza upya. Nilikuwa nimesimama pale na mikono yangu haijui pa kwenda. Papa wa koti nyeusi akaniletea kiti.

"Kaa, papa ya mutoto," akaniambia. "Mufiwa hapana kusimama."