Chanuo kwenye Ziwa la Dada

Mimi si mtu wa kutoka. Mume wangu huwaambia watu kwamba akitaka kujua kama nipo nyumbani hana haja ya kuuliza, atazame tu kama nyumba bado imesimama. Naishi Usagara, hapa hapa mjini Tanga, na safari zangu ni sokoni, msibani na harusini, tena harusini kama si mbali. Nayasema haya mapema asije mtu akadhani ninayoyaeleza nimeyapata kwa kusoma sana. Nina kidato cha nne changu, cha kubahatisha, na biolojia niliyofundishwa ilikuwa ya panzi. Panzi namjua mpaka matumbo. Ziwa la mwanamke halikuwamo kwenye mtihani.

Nina dada mmoja tu, kanizidi miaka sita. Alikuja kwangu kutoka Mwera, upande wa Pangani, kwa ajili ya harusi ya mtoto wa binamu yetu. Asubuhi ya harusi akaniita chumbani nimfungie sidiria mpya, maana alinunua ndogo kwa tamaa ya kuonekana kigori.

"Vuta."

"Nikivuta zaidi utakufa."

"Basi nitakufa nimependeza. Vuta!"

Nikavuta, mkono ukateleza karibu na kwapa, nikagusa kitu. Kigumu kama kokwa ya zambarau, kimekaa pale pale, hakiendi huku wala kule.

"Nini hiki?"

"Hicho? Kipo siku nyingi. Hakiumi."

Hakiumi! Katika nyumba zetu kitu kisichouma si ugonjwa, ni mpangaji. Madhali hapigi kelele, tunamwachia chumba. Jino likiuma tunakimbia, mguu ukiuma tunakimbia, lakini uvimbe uliojikalia kimya tunausifu kwa adabu zake. Tukaenda harusini, tukacheza, tukala pilau. Mimi mwenyewe nilirudia sahani.

Baada ya harusi tukamwita somo yetu. Kwa asiyejua, somo ni mwanamke anayemfunda msichana akishavunja ungo, na hubaki kuwa mshauri wake wa mambo ya kike mpaka mmoja wao azikwe. Sote wawili alitufunda yeye. Alitufundisha kufukiza nguo udi, kumkanda mume mgongo, kutembea, kukaa, kunyamaza. Alitufundisha kwamba maziwa ni ya mume na ni ya mtoto. Sisi tunaoyabeba kutwa, juani na mvuani, hatukutajwa kwenye mgao.

Alilibonyeza ziwa kwa vidole viwili, akafumba macho.

"Hili limebeuliwa."

Maana yake ni hii. Mtoto akiwa ananyonya, akenda mbweu kabla hajaachia chuchu, upepo unarudi ndani, ziwa linafunga. Dawa yake ni chanuo la mti. Unapasha mafuta ya nazi, unachana ziwa kutoka juu kushuka kwenye chuchu, mpaka upepo utoke.

"Somo," dada akasema, "mtoto wangu wa mwisho yuko kidato cha pili, yuko bweni. Ana mguu mkubwa kuliko wangu. Alinibeulia lini?"

"Mbweu haina saa."

"Na isijekuwa ile kansa?"

"Astaghfirullah! Usijitabirie, mwanangu. Kansa inauma. Tena weye umenyonyesha watano, aliyenyonyesha haimpati. Na kwenu nani aliwahi kuugua? Hakuna. Itokee wapi?"

Sababu tatu kwa pumzi moja, na zote tatu nilikuja kuziona zikianguka mbele ya muuguzi mmoja, kama nguo zilizoanikwa vibaya. Saratani ya ziwa mara nyingi huanza bila maumivu hata kidogo. Kunyonyesha kunapunguza hatari, hakuifungii mlango. Na wengi wanaoipata hawana mama wala bibi aliyeugua kabla yao. Lakini siku ile muuguzi hakuwapo. Nilikuwapo mimi, mwenye cheti changu cha sekondari kabatini, na mimi ndiye niliyekwenda kutafuta chanuo.

Dada akabaki kwangu, nikamchana miezi miwili. Kila asubuhi baada ya chai, mlango tumefunga, mafuta ya moto kwenye kikombe. Mume wangu, kwa kuona chanuo na mafuta, akadhani tunatengeneza nywele.

"Shemeji," akamwambia dada, "mwaka huu nywele zako zitafika Maramba. Na huyu mke wangu, kichwa chake mwenyewe kimemshinda, leo kafungua saluni?"

Tulicheka mpaka tukajifuta machozi. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile nataka kumpiga mtu kofi, na mtu wa karibu kuliko wote ni mimi.

Kisha ngozi ikabadilika. Pale juu ya uvimbe ikawa na vitundu vitundu kama ganda la chungwa, na chuchu ikaanza kuingia ndani. Somo akasema dawa inafanya kazi, upepo unavuta. Nami nikaendelea kuchana siku tatu nyingine! Siku ya nne mkono ulikataa. Nikaliweka chanuo chini, nikamwambia dada avae baibui.

Muuguzi wa zahanati alikuwa binti mdogo, akatuamkia shikamoo kwa heshima zote. Akamtazama dada, akauliza taratibu, "Mama, tangu muuone uvimbe huu mmekuwa mkiutibu kwa dawa gani?"

Nikafungua mdomo niseme uongo. Dada akaniwahi.

"Huyu ananichana."

Binti hakucheka. Angecheka ningepata nafuu. Alizijibu moja moja sababu tatu za somo tulizomtajia, akaandika karatasi ya kwenda hospitali kubwa, akatueleza kwamba huko watatia sindano watoe kipande kidogo cha nyama, kipimwe, ndipo ijulikane ni kitu gani. "Msikae," akasema. "Mwende wiki hii."

Wiki hii! Kabla hata hatujafika nyumbani habari ilishafika, sijui kwa miguu ipi. Jioni ukumbi wangu ulijaa. Mwanamke anayeogopa hata sindano ya tetenasi akawa bingwa wa upasuaji. Asiguswe na chuma! Uvimbe ule umelala, chuma kinauamsha. Ukidungwa tu, unatapakaa mwili mzima. Mmoja akasema ni simu anayoiweka kifuani. Mwingine akasema ni jicho, maana dada ana shamba la minazi linalozaa na watu hawalali kwa wivu. Mwingine, huyu sitamsahau, akashauri tumwache apumzike na tumtengee sahani yake, kwa tahadhari.

Niliwapikia chai. Ndiyo, mimi. Niliwapikia chai na kuwakatia mkate wa mofa, wakala vizuri huku wakimzika dada yangu akiwasikiliza.

Asubuhi nikamkuta anafunga begi.

"Narudi Mwera."

"Hospitali je?"

"Mdogo wangu, mie nikifa nife mzima. Sitaki kuchokolewa. Unamkumbuka mdogo wake somo? Alikatwa, hakumaliza mwezi."

Basi ndiyo hofu iliyokuwa imemshika. Si simu wala jicho. Ni yule marehemu, mdogo wake somo, ambaye kila mtu mtaani alijua kwamba kisu ndicho kilichomuua. Nilimwambia dada aniachie saa moja tu asiondoke. Nikajitanda kanga, nikatoka, na majirani walioniona natembea kwa kasi wanaweza kuwa mashahidi kwamba ilikuwa ajabu ya mtaa.

Nilimleta somo kwa mkono. Nikamkalisha mbele ya dada na begi lake. Sijawahi kuinua sauti kwa somo maisha yangu yote. Haifanywi. Mtu aliyekufunda hujibizani naye, sembuse kumhoji. Nilimhoji.

"Somo, mdogo wako alikatwa lini?"

"Wayajua hayo. Mfungo mosi, Ramadhani imekwisha tu, na Mfungo pili hakuumaliza."

"Na uvimbe aliuona lini?"

"Mwanangu, yamepita."

"Aliuona lini, somo?"

Akashika ncha ya kanga yake. "Mara ya kwanza alinionyesha ilikuwa Ramadhani. Tulikuwa tunapika uji, uvimbe tukauacha mpaka Idi."

"Ramadhani hiyo hiyo aliyokatwa baada yake?"

"La. Ya nyuma yake."

"Ya nyuma yake tu?"

Somo akaifunga fundo ile ncha ya kanga.

"Ya nyuma ya hiyo," somo akasema. "Ramadhani tatu. Ya tatu hakufunga, alikuwa hawezi. Uvimbe ulikuwa ushageuka kidonda, kinatoa maji, kinanuka. Mie ndiye niliyekuwa namkanda."

"Na daktari siku ya kumkata alisemaje?"

"Alisema…" Akalifungua lile fundo. "Alituuliza mlikuwa wapi."

Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno makali, nimeyapanga njia nzima kutoka kwake mpaka kwangu. Sikuyasema. Yule bibi alikuwa amebeba Ramadhani tatu peke yake, na kukipa kisu lawama kulimrahisishia kubeba. Lakini hasira yangu haikuisha, naomba nieleweke. Kisu kilisingiziwa. Kwa kusingiziwa kwake wanawake wangapi mtaani kwetu walikaa na mpangaji yule kimya, wakachanwa, wakakandwa, wakapakwa, mpaka walipofikishwa hospitali wako mahututi, wakafa, nasi tukarudi tukasema mmeona, walikatwa wakafa?

Dada akalifungua begi. Akatoa baibui jeusi, akalikung'uta.

"Somo," akasema, "umenifanya nichanwe miezi miwili bure, basi leo angalau nisindikize."

Somo akasimama, akamsindikiza.

Ilikuwa saratani. Tukapewa rufaa Dar, na mimi nisiyevuka mtaa nikalala huko wiki tatu, nikipotea kila nilipotoka kununua maji, mpaka mlinzi wa getini akawa ananionyesha njia kabla sijauliza. Kabla ya upasuaji, dada alimuuliza daktari swali ambalo niliomba Mungu asilitaje.

"Ningekuja siku ile ya kwanza, ingekuwaje?"

Daktari hakumficha. Alisema uvimbe ungekuwa mdogo, na huenda ziwa lingebaki. Alisema hawezi kuapa, lakini huenda. Kisha akasema amekuja kabla haujafika mbali, na kwamba kuna kazi ya kufanya.

Dada hakunitazama. Alinishika mkono tu, akaukandamiza kwenye kitanda kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke.

Ziwa likaondolewa. Tumerudi Tanga na orodha ya tarehe za dripu za dawa ya saratani, nywele zimemtoka, na wageni wanakuja kumpa pole. Wiki iliyopita alikuja yule bingwa wa sahani ya peke yake. Akakaa karibu na mlango. Nilipoleta chai, akatoa kikombe chake mwenyewe kwenye mkoba, cha bati, akasema ana mafua hataki kutuambukiza. Pua yake ilikuwa kavu kama kigae.

Nilivuta pumzi nimtoe nje. Dada akanitangulia. Alikipokea kile kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu, akakijaza chai mwenyewe, akanywa mafunda mawili marefu, kisha akampa.

"Karibu, shoga. Nimekuonjea sukari."

Mwanamke akatazama kikombe. Akanitazama mimi. Sikumsaidia.

"Saratani haiambukizi," dada akamwambia, tena kwa upole kuliko alivyostahili. "Ingekuwa inaambukiza, huyu mdogo wangu aliyenishika ziwa miezi miwili angekuwa hana hata moja. Kunywa, itapoa."

Alikunywa. Polepole, macho yamefumbwa, kama mtu anayekunywa mwarobaini, lakini alikunywa. Alipoondoka dada akajiegemeza kwenye mto, jasho limemtoka kwa kazi ile ndogo ya kumimina chai.

"Dripu ya tatu ni lini?"

"Jumatatu."

"Na baada ya hapo watasemaje, saratani imeisha?"

"Watapima tena ndipo waseme."

"Hujui."

"Sijui, dada."

"Afadhali," akasema, akifumba macho. "Mmoja humu ndani asiyejua."