Wimbo wa Kukamulia

Ng'ombe wa baba hakutaka kunijua. Baba alikuwa amelazwa mjini Eldoret, kiharusi kimemnyamazisha. Tangu alazwe hakuwa ametamka hata neno moja, na daktari hakutuahidi kwamba angetamka tena. Mimi, mtu wa chumba cha kupanga mtaani Huruma, nikatumwa nyumbani, nje ya mji, nikakamue.

Kwetu ng'ombe hukamuliwa kwa wimbo. Wa baba ulikuwa na maneno machache na "ooo" nyingi, na ng'ombe akiusikia tu, anashusha maziwa. Asubuhi hiyo nikauimba mwenyewe. Ng'ombe akageuza shingo, akaniangalia vile mwalimu wa kwaya alivyoniangalia zamani kabla ya kunipa kazi ya kubeba ngoma. Nikaweka nyimbo za injili kwenye simu, akanichapa mkia usoni. Nikaweka rumba, akaipiga ndoo teke. Kiwele kilikuwa kimejaa hadi kikawa kigumu, na mimi nilikuwa karibu kulia.

Nikampigia mama, aliyekuwa kando ya kitanda cha baba.

"Mama, huyu ng'ombe amenikataa kabisa!"

"Ngoja niweke spika," akasema. "Wacha baba yako asikie vile mnanisumbua."

Papo hapo ng'ombe akalia, mlio mrefu wa kulalamika. Kisha upande wa pili nikasikia sauti nyembamba, inayokwaruza, ikipanda taratibu: "Ooo... ooo..."

Baba alikuwa anaimba! Na maneno yakafuata, yote, kutoka kwa mtu ambaye hata maji ya kunywa hakuweza kuyaomba. Sijui kichwani mwa binadamu wimbo hukaa wapi hata ugonjwa ukose kuufikia. Najua tu kwamba mwili ulinisisimka, nikacheka huku machozi yakinitiririka, na ng'ombe naye akaachia maziwa. Nilikamua kwa mikono miwili kama mwehu, ndoo ikipiga kelele hadi kwenye simu, povu likinirukia hadi kidevuni. Mama akapiga vigelegele huko wodini. Nesi akamwambia anyamaze, kisha naye akapiga kimoja.

Ghafla wimbo ukakatika. Mikono yangu ikaganda.

"Pole... pole," baba akasema, kwa ukali wake ule ule. "Unamuumiza."