Bunduki ya Mbao Niliyoichoma

Siamini gazeti lenye picha ya bunduki. Wajukuu wananicheka, wanasema nimezeeka vibaya. Wacheke. Mimi niliwahi kuitengeneza bunduki ya gazeti kwa mikono yangu, kwa kipande cha mbao na rangi nyeusi ya viatu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nilikuwa na studio ya picha Kadutu, mtaa wa weusi mjini Bukavu, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ziwa. Jumamosi mapadri walionyesha sinema kwenye shuka jeupe, Wamarekani wakipigana risasi juu ya farasi, na Jumapili baada ya misa wanaume walinijia wakitaka kusimama kama wale. Basi nikachonga bunduki. Nikaipaka rangi, nikaisugua mpaka ikang'aa. Aliyeishika alijua mara moja kwamba ni mbao. Aliyetazama picha dirishani hakujua, nami sikumwambia.

Aliyependeza kuliko wote alikuwa jirani yangu, mshonaji aliyetoka Mwenga, mtu mpole ambaye hata kuku aliomba wengine wamchinjie. Siku ya kupigwa picha aliinamisha kofia, akaweka bunduki begani, akakunja uso mpaka nikamwogopa. Picha yake nikaitundika dirishani.

Siku moja akaja Mzungu, peke yake, mchana wa kazi, akimchekea kila mtu. Mzungu gani anapanda milima ya Kadutu kwa miguu ili acheke? Nilimtilia shaka. Lakini aliisifu kazi yangu, akasema anataka ile picha iwe ukumbusho, nami sifa zikanilevya. Nikampa.

Wiki mbili baadaye, sokoni Nyawera, karani mmoja akanionyesha gazeti la Wazungu. Mshonaji alikuwa humo, na kofia yake. Karani akanisomea maneno ya chini ya picha: eti weusi wa mjini wameanza kuficha silaha. Siku zile habari za fujo zilikuwa zikifika kutoka mji mkuu, na Wazungu walikuwa wakiogopa hata kivuli.

Mtu mwenye akili angekimbia kumwonya jirani. Mimi nilikimbia nyumbani, nikaipasua bunduki vipande, nikaisukuma motoni. Nilijiambia kwamba bila bunduki hakuna kesi. Ilikuwa akili ya mwoga, na sioni haya kuiita hivyo sasa.

Kesho yake asubuhi polisi wakamkamata mshonaji. Walichana godoro, wakafungua cherehani yake. Akawaambia bunduki ni ya mbao, iko kwa mpiga picha. Wakaja kwangu. Nilipomwambia mkubwa wao kwamba nimeichoma jana, alinitazama kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Niliomba nichonge nyingine mbele ya macho yake. Akasema hakuja kuangalia useremala.

Silaha haikuonekana, basi hawakumfunga. Walimnyang'anya kibali cha kukaa mjini, wakampandisha lori kumrudisha Mwenga, na kumkataza kurudi Bukavu. Mkewe na cherehani wakabaki. Mimi waliniacha, na huko kuachwa kukanichafua zaidi. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ni mimi niliyemuuza. Nami nikaanza kumshuku kila mtu: karani, mapadri, hata wateja wangu. Nilimtafuta mtu wa kumlaumu mbali na nyumba yangu.

Mwezi mmoja baadaye mke wa mshonaji aliingia studio. Hakukaa kwenye kiti.

"Papa, miye niko muke yake. Uniambie kweli, sitaisema kwa mutu. Ile bunduki ilikuwa ya mbao?"

"Ya mbao, maman. Naapa mbele ya Mungu."

"Sasa uliichoma juu ya nini?"

"Niliogopa."

Nilidhani ataniita mwongo, na nilikuwa nimejiandaa kuapa tena.

"Nilikuwa nasema labda ilikuwa ya kweli," akasema polepole. "Nilikuwa nasema bwana yangu alinificha kitu. Kumbe ilikuwa mbao tu. Ungewaonyesha ile mbao, angekuwa anashona sasa hivi."

Akajifunga vizuri kitenge chake, akatoka. Nilitamani nimwite, nimwambie kwamba nimesema uongo, kwamba ilikuwa ya chuma.